Wasomaji Wauliza: Mzazi akilewa, nani yuko macho?

Barua tulizopokea mwezi huu zinahusu pombe na watoto. Tumechagua nne. Majina tumeyaondoa, mitaa tumeiacha.

Mimi na mume wangu tuna watoto watatu: wa miaka 10, wa miaka 6 na mchanga wa miezi minne. Siku za kazi hatugusi pombe. Jumapili marafiki huja kutazama mpira, kreti inafunguliwa saa kumi, na ikifika saa tatu usiku sote tumelewa chakari. Hakuna vita, ni vicheko tu. Dada yangu anasema tunawaharibu watoto. Si afadhali sisi tunaokunywa nyumbani kuliko wanaolala baa?
*Mama Watatu, Umoja*

Mama, bia mbili za kuteremshia nyama, baba akabaki kuwa baba yule yule, si jambo la kumnyima mtoto usingizi. Kinachomsumbua ni pale mtu anayemjua anapogeuka mwingine. Sauti inapanda, macho yanalegea, swali moja linaulizwa mara nne. Mnachokiita vicheko, mtoto wa miaka 6 hawezi kukitofautisha na mwanzo wa ugomvi, kwa hiyo anakaa macho akisikiliza.

Lakini tuanze na jambo la haraka zaidi. Mchanga akipandwa na homa saa nne usiku, nani atambeba hadi hospitali? Kwa jinsi ulivyoandika, hakuna. Hapo ndipo kunywea nyumbani kunapokuwa na hatari kuliko kunywea baa, maana aliye baa huwa amemwacha mtu na watoto.

Wekeni zamu. Kila Jumapili mtu mzima mmoja hanywi kabisa, na ajulikane kabla kreti haijafunguliwa. Asinywe hata "kidogo tu", kwa sababu baada ya glasi ya tatu hakuna anayehesabu sawasawa. Wiki hii wewe, wiki ijayo yeye, na mgeni pia anaweza kushika zamu. Mtoto wa miaka 10 asipewe kazi hiyo hata kama ana akili za mtu mzima. Wengi walioipewa mapema huikubali kwa fahari, kisha masomo yanaanza kushuka na nyumbani hakuna anayejua sababu.

Hesabu nayo iko hivi. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 4 ina takriban gramu 16 za pombe halisi. Chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe kali ya asilimia 40 ina karibu gramu 79, yaani sawa na bia tano, ingawa inaingia mfukoni mwa koti. Ini huondoa karibu gramu 8 kwa saa. Kahawa, supu ya mbuzi, kuoga maji baridi au kutapika havilifanyi likimbie. Mtu aliyeanza saa kumi jioni na kunywa bia nane ana gramu 128, na mwili wake haujamaliza hadi saa mbili asubuhi. Kama ndiye anayewapeleka watoto shuleni Jumatatu saa kumi na mbili kasoro, anawapeleka akiwa bado na pombe mwilini, hata kama amelala na kupiga mswaki. Wewe, kwa kuwa mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanamume, kiasi kile kile kitakulevya zaidi.

Kuhusu mchanga, mambo mawili hayana mjadala. Asilale kitanda kimoja na mtu aliyekunywa, iwe wewe, babake au shangazi. Mlevi akimlalia hahisi, na mtoto wa miezi minne hana nguvu za kujinasua. La pili ni maziwa: pombe huwemo kwa kiwango kile kile kilichomo kwenye damu. Subiri saa mbili hadi tatu kwa kila bia ya nusu lita kabla ya kunyonyesha. Kukamua na kumwaga kunapunguza maumivu ya matiti tu, hakusafishi maziwa. Ni muda unaoyasafisha. Ukijua utakunywa, kamua mapema uweke akiba.

Glasi zimwagwe usiku huo huo, zisingoje asubuhi. Watoto huamka kabla ya wazazi, na pombe kali iliyochanganywa na soda haina tofauti na soda kwa macho yao. Mililita 40 za pombe kali kwa mtoto wa kilo 14 ni sawa na mtu mzima wa kilo 70 kushusha karibu bia nne kwa mkupuo. Hatari kubwa kwake ni sukari ya damu kushuka: ini linashughulika na pombe, linaacha kutengeneza sukari, na akiba ya mtoto ni ndogo. Anaweza kulegea au kupata degedege saa kadhaa baadaye, watu wakidhani amelala tu. Usimtapishe. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe kinywaji chenye sukari na muelekee hospitali mara moja, mkiwa na chupa yenyewe mkononi.

Jiko la makaa lililochoma nyama libaki nje hata kama ni Julai na baridi inauma. Gesi ya makaa haina harufu, na mtu mzima aliyelewa haamshwi na kichwa kinachouma.

Kesho yake msiwaambie watoto kwamba baba alikuwa "amechoka". Waliona. Semeni: "Jana tulilewa, tukapiga kelele, hamkulala. Si kosa lenu. Jumapili ijayo mama hatakunywa." Ahadi iwe ya jambo moja mnaloliweza. "Hatutarudia kamwe" ikivunjwa mara mbili, mtoto huacha kuamini hata zile ahadi za kweli.

Nina miaka 15. Mama hunywa chang'aa karibu kila siku tangu baba aondoke. Mimi ndiye napika na kuwalaza wadogo zangu wawili. Wakati mwingine anaanguka mlangoni, nikimwita haitiki. Naogopa kumwambia mtu kwa sababu watatupeleka kwa nyumba ya watoto na kututenganisha.
*Kijana, Kayole*

Mwanangu, hukumfanya anywe na huna uwezo wa kumwachisha. Kuna mambo machache unayoweza kuyafanya vizuri, na mengine ni ya watu wazima.

Akianguka, mwite kwa sauti na umtikise bega. Akijibu, hata kwa kutukana, mlaze ubavu: mguu wa juu ukunje goti lije mbele, mkono uwe chini ya shavu, kichwa kielekee nyuma kidogo ili matapishi yatoke. Asilale chali, kwa sababu walevi wengi hufa kwa kupaliwa na matapishi yao. Usimpe kahawa wala maji akiwa nusu usingizini, na usimmwagie maji baridi, kwa maana pombe tayari inaupoza mwili. Mfunike. Mwangalie kila baada ya dakika 15, kwani pombe iliyo tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya kuacha kunywa. Aliyeonekana nafuu saa tatu anaweza kuwa mahututi saa nne.

Hesabu pumzi kwa dakika moja. Zikiwa chini ya nane, au kati ya pumzi na pumzi pakipita sekunde 10, au midomo ikiwa ya bluu, au usipoweza kumwamsha hata kwa kumfinya, hiyo ni dharura. Mgongee jirani mtu mzima na mpige 999, au 1199 ya ambulensi za Msalaba Mwekundu. Kama gari haliwezi kuingia kwenye ploti, jirani atafute teksi au tuktuk. Bodaboda haifai kwa mtu asiyejitambua.

Kwa chang'aa kuna jambo jingine. Akiamka kesho yake akisema anaona ukungu, au taa zinamuumiza macho, na anatapika, msidhani ni hangova ya kutoa kwa glasi nyingine ya chang'aa. Huenda ni methanoli, sumu ambayo dalili zake mara nyingi huchelewa saa 12 hadi 24. Iliua watu wengi nchini Kenya Mei 2014, na wengine waliobaki hai walipofuka. Ni hospitali hapo hapo.

Sasa hofu yako. Piga 116, laini ya kusaidia watoto. Ni bure, haihitaji salio, inapokelewa usiku na mchana, na unaweza kuuliza maswali yako kabla ya kutaja jina. Waeleze kwamba hamtaki kutenganishwa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kutelekezwa, na pia haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, baba akiwemo, aondoke asiondoke. Ndiyo maana afisa wa watoto anaweza kumtafuta babako ili agharamie chakula na karo. Nyanya, mjomba au shangazi anayeweza kukaa nanyi, mtaje mapema, maana ndugu wa karibu ndiye wa kuulizwa kwanza. Shuleni mwambie mwalimu mmoja unayemwamini. Usianze na "mama ni mlevi", anza na "juzi sikulala kwa sababu nilikuwa nikimhesabu mama pumzi." Ataelewa.

Andika namba tatu za watu wazima kwenye karatasi, maana simu hupotea au huisha chaji. Kubaliana na jirani mmoja kwamba wadogo wako wakigonga kwake usiku, atafungua bila maswali. Mama akikugeuzia ukali, wachukue wadogo zako mtoke. Msibaki kubishana naye.

Ndugu yangu anataka watoto wake wasimwone amelewa tena. Tulimfungia nyumbani, tukaficha pesa. Siku ya pili alianza kutetemeka na kuona wadudu ukutani. Rafiki ametuuzia vidonge vya kutia kwenye chai ili aichukie pombe. Tumpe?
*Dada Mtu, Dagoretti*

Msimpe, dada, na msimfungie tena. Mnywaji wa kila siku akikatiwa ghafla, ubongo uliozoea kutulizwa unabaki bila breki. Kutetemeka huanza saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili, na kuona visivyokuwepo, hasa pamoja na homa na jasho, huweza kuua. Alichopata kilikuwa cha kukimbizwa hospitali usiku ule, si cha kuombewa sebuleni. Hospitali humpa dawa ya kutuliza kwa siku kadhaa, ikipunguzwa polepole, pamoja na vitamini B1. Hospitali ya Mathari ina kitengo cha waraibu. Ukipiga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wataeleza vituo vilivyosajiliwa. Mpaka afike huko, msimkatie pombe ghafla.

Vidonge hivyo huenda ni disulfiramu. Daktari huiandika kwa mtu anayejua na aliyekubali. Ukiitia kwa siri, naye anywe nje bila kujua, uso unawaka, moyo unaenda mbio, shinikizo la damu linaanguka, na anaweza kufia njiani. Mtakuwa mmempa sumu, hata kama nia ilikuwa njema.

Binti yangu wa miaka minne huomba kuonja povu la bia. Wazee wanasema ukimwonjesha mapema hatakuwa na hamu nayo akikua. Na kaka yake wa miaka 13, kuna ubaya nikimtuma dukani aniletee chupa?
*Baba, Kasarani*

Baba, usimwonjeshe. Hamu haikatwi hivyo. Anachojifunza ni kwamba povu ni tuzo ya kukaa karibu na baba. Mpe kikombe chake chenye juisi mkiwa mmekaa pamoja. Kuhusu kijana, kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18 ni kosa kwa sheria ya vileo ya 2010, na muuzaji atakayemhudumia kwa sababu "ametumwa na baba" atamhudumia vile vile siku atakapokuwa amejituma. Nenda mwenyewe.