Ukienda Dalarna, Anzia Shimoni

Kila majira ya joto yanapokaribia, ndugu na marafiki wanaokuja kututembelea huku Sweden huniuliza waende wapi nje ya Stockholm, na siku zote huwaelekeza Dalarna, mkoa wa misitu na maziwa ulioko kaskazini-magharibi ya mji mkuu, ambako treni hufika Falun kwa muda unaokaribia saa tatu. Tatizo ni kwamba wengi huupita mkoa huo mbiombio: hupiga picha za nyumba nyekundu, hununua farasi wa mbao, hutazama Ziwa Siljan, kisha hugeuza. Hawajakosea, kwa kuwa vitu hivyo vinapendeza kweli, ila hurudi wakiwa hawajui kwa nini viko pale. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa kuliko yote, ni kuanzia kwenye mgodi wa shaba wa Falun.

Mgodi huo ulichimbwa kwa takriban miaka elfu moja. Hati ya mwaka 1288 inaonyesha Askofu Peter wa Västerås akijirudishia hisa ya sehemu moja kati ya nane, jambo linalotueleza kwamba tayari wakati ule palikuwa na wenye hisa na mikataba, si watu wachache wenye sururu tu. Katika miaka yake ya neema, karne ya 17, ulitoa takriban theluthi mbili za shaba yote ya Ulaya, na fedha zake ndizo zilizoiwezesha nchi ndogo na yenye baridi kupigana vita vikubwa katika bara hilo. Shaba ilikuwa nyingi kiasi kwamba serikali iliigeuza kuwa sarafu: kibamba cha daler 10 (daler ilikuwa fedha ya Sweden wakati ule) cha mwaka 1644 kilikuwa na uzito wa karibu kilo 20, na mwenye kulipa deni kubwa ilimbidi atafute mkokoteni.

Ukifika utaliona kwanza shimo lenyewe, Stora Stöten, lenye kina cha karibu mita 100. Halikuchimbwa kwa mpango. Kwa vizazi vingi wachimbaji walitoboa mahandaki ovyo ovyo mpaka mwamba ukabaki hauna pa kuegemea, na mnamo Juni 1687 ukaporomoka wote kwa pamoja. Hakufa mtu hata mmoja, kwa sababu ilikuwa sikukuu ya katikati ya majira ya joto na wachimbaji walikuwa mapumzikoni. Kuzunguka ukingo wa shimo kunatosha kwa mwenye magoti mabovu, lakini mwenye afya na ashuke. Chini kuna ngazi nyingi, maji yanadondoka, na joto halizidi nyuzi tano au sita hata Julai, hivyo beba koti zito na viatu vinavyoshika, hata kama juu watu wamevaa kaptula. Tiketi za ziara ya chini ni afadhali kuzinunua mapema, maana makundi hujaa, hasa yale yanayoongozwa kwa Kiingereza.

Huko chini utasimuliwa habari za Fet-Mats, kijana aliyepotea mgodini mwaka 1677 na mwili wake ukapatikana mwaka 1719, haujaoza, kwa kuwa ulikuwa umelowa katika maji yenye chumvi za shaba. Hakuna aliyemtambua mpaka alipojitokeza mwanamke mzee ambaye zamani alikuwa mchumba wake. Yeye alikuwa amezeeka, na marehemu alibaki kijana. Waongozaji hukisimulia kisa hiki kwa ufundi mkubwa, na watu hutulia kimya. Mimi hukumbuka zaidi sehemu wanayoipitia haraka, kwamba mwili ule ulikaa miaka mingi ukionyeshwa kwa watu, na ulizikwa kwa mara ya mwisho mwaka 1930 tu. Kwetu sisi tuliolelewa kuharakisha maziko, hilo ndilo gumu kulimeza.

Ukitoka mgodini ndipo uanze kutazama nyumba. Rangi ile nyekundu iliyoenea vijijini kote Sweden asili yake ni mabaki ya madini ya Falun: udongo wenye oksidi ya chuma, uliolundikwa nje ya mgodi karne kwa karne, huchomwa, husagwa, kisha huchemshwa pamoja na maji, unga na mafuta ya kitani. Hapo mwanzo waliipaka wenye uwezo waliotaka nyumba zao za mbao zifanane na za matofali. Wakulima waliipata baadaye, wakaipenda kwa sababu ni ya bei nafuu, huacha mbao zipumue na huzikinga dhidi ya kuoza. Uchimbaji ulikoma Desemba 1992, UNESCO ikauingiza mgodi na mazingira yake katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini rangi ingali inatengenezwa. Tembea katika mtaa wa Elsborg, karibu na mgodi, ambako vibanda vya mbao vya wachimbaji vimesimama kwenye vichochoro vyembamba. Hakuna kiingilio. Ila kumbuka watu wanaishi humo, usichungulie madirishani.

Historia ya ufalme nayo inaelekea kwenye shaba hiyohiyo. Mwishoni mwa mwaka 1520, Gustav Vasa, ambaye baadaye alikuwa mfalme wa Sweden, alikimbilia Dalarna kutafuta wanaume wa kumsaidia dhidi ya mfalme wa Denmark, na hakuja huku kwa bahati: watu wa migodini walikuwa na mali na walizoea kujisimamia. Katika nyumba ya kale ya Ornäs, kusini ya Falun, utaonyeshwa choo ambacho inasemekana alitorokea. Lichukue kama simulizi, ucheke, lakini nyumba yenyewe usiikose, kwani ni nadra kuona jengo la magogo la umri ule likiwa na ghorofa.

Sundborn, nyumbani kwa mchoraji Carl Larsson na mkewe Karin, ni mwendo mfupi kwa basi kutoka Falun. Vyumba huonwa kwa kuongozwa tu. Sifa zote hupewa mume. Wewe tazama mapazia, vitambaa na samani alizobuni Karin, kisha uamue mwenyewe nani aliijenga sifa ya nyumba ile.

Kuzunguka Siljan, ziwa lililo katika kovu la kimondo kilichoanguka zaidi ya miaka milioni 370 iliyopita, mambo ni mengi kuliko muda, kwa hiyo chagua. Ningechagua kanisa la Rättvik, lenye safu za mazizi ya magogo ambamo waumini wa mbali waliwafunga farasi wao wakati wa ibada, na kijiji cha Nusnäs, ambako karakana za farasi wa mbao huruhusu wageni kuangalia misonobari ikichongwa na kupakwa rangi. Mji wa Mora, nao kando ya ziwa, una makumbusho ya mchoraji Anders Zorn, ambaye pia alikusanya nyumba za kale za magogo ili zisipotee; hizo hunivutia kuliko picha zake.

Jambo la msimu lisipuuzwe. Sehemu nyingi ndogo, hasa nyumba za urithi zinazoendeshwa na wanavijiji wa kujitolea, hufunguliwa kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Agosti tu. Sikukuu ya katikati ya majira ya joto huvuta umati mkubwa Leksand, mji mwingine wa kando ya Siljan, lakini maduka hufungwa, mabasi hupungua na vyumba huisha miezi kabla. Noti karibu hazina kazi huku, beba kadi ya benki. Mwenye siku moja tu asijaribu kwenda Siljan: ashinde Falun, asubuhi ashuke mgodini, mchana apite Elsborg na Ornäs, halafu apande treni ya jioni.