M.2 ni umbo. Kasi hutoka kwa SATA au NVMe

Umeuliza, ndugu yangu, kama kila SSD (diski ya kuhifadhia data isiyo na sehemu inayozunguka) ya M.2 huipita kasi ile ya SATA ya inchi 2.5. La, si kila moja, kwa sababu M.2 ni umbo la kadi na tundu lake tu, na ndani ya tundu hilo data huweza kupita kwa njia ya SATA, iliyo ya zamani, au kwa njia ya PCIe, iliyo ya kasi zaidi na inayotumia utaratibu wa NVMe uliobuniwa kwa ajili ya SSD. SATA ya kizazi cha tatu ina kikomo cha gigabiti 6 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 550 katika matumizi halisi, hata diski iwe nzuri namna gani. NVMe ya PCIe 3.0 yenye njia nne za data hufikia megabaiti 3,500 hivi, na ya PCIe 4.0 hukaribia 7,000.

Mimi hutengeneza kompyuta hapa Malindi, na kabla ya kumfungia mteja kadi hutazama kwanza meno yake ya dhahabu: yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, lakini kwa kuwa zipo zinazokwenda kinyume, soma kibandiko pamoja na mwongozo wa laptopu, maana matundu mengine hupokea aina moja tu. Kwa anayetoka kwenye diski ya kuzunguka, SATA inatosha kabisa. Ukichagua NVMe, iwekee kipande cha kupozea, kwani ikipata moto sana hujipunguzia kasi yenyewe, na joto letu la kaskazi si dogo.