Karibu kwenye sajili: mambo niliyojifunza kwa saratani ya urakasi

Vijana wanaokuja kuanza kazi nasi kwenye sajili, yaani kumbukumbu za wagonjwa wa saratani, hapa Kisumu huwa na swali moja siku ya kwanza: tutumie programu gani ya takwimu? Mimi huwapeleka chumba cha mafaili wakae na karani asubuhi nzima. Wengine hununa. Wanunue tu subira, kompyuta haikimbii.

Huanza na saratani ya urakasi kwa sababu inaumbua kila kosa. Urakasi ni kimrija kinachounganisha kibofu na kitovu mtoto akiwa tumboni mwa mama, kisha huziba na kubaki kama uzi. Saratani ikichipuka hapo, mara nyingi ni adenokasinoma, yaani saratani ya chembe za tezi, si ile ya kawaida ya utando wa kibofu. Haifiki asilimia 1 ya saratani za kibofu. Mpasuaji huondoa sehemu ya juu ya kibofu pamoja na uzi wenyewe, mara nyingi hadi kitovu. Kupata wagonjwa wa kutosha kuwagawa kwa kura ili kulinganisha dawa mbili ni kazi ngumu mno, ndiyo maana watu hugeukia sajili: kama ya Eldoret iliyoanza 1999, au SEER ya Marekani yenye kumbukumbu tangu 1973.

Sasa, msimbo wa urakasi, yaani alama ya kimataifa ya mahali saratani ilipoanzia, ni C67.7. Lakini fomu ya maabara ikisema tu "uvimbe wa kibofu", karani ataandika C67.9, yaani kibofu bila kutaja sehemu, na hana kosa. Usitafute kwa msimbo peke yake. Soma maelezo ya upasuaji. Ukikuta neno "kitovu", simama. Neno hilo limenipa wagonjwa ambao msimbo uliwaficha. Kumbuka pia kuwa saratani ya utumbo inaweza kupenya hadi kwenye kibofu ikafanana na hii kwenye darubini.

Safu ya matibabu ndiyo iliyoniadhibu. Katika SEER, tibakemikali (kemo), yaani dawa za kuua saratani, huandikwa "ndiyo" au "hapana/haijulikani". Mambo mawili yamelazwa kitanda kimoja! Mgonjwa aliyepata kemo kliniki nyingine, risiti ikabaki mkobani mwake, yumo humo pamoja na asiyepata kabisa. Hapa kwetu ni vivyo hivyo: mtu hupasuliwa Kisumu, akachomwa dawa Eldoret, na faili la kwanza halijui habari za la pili.

Jedwali langu la kwanza kabisa lilionyesha waliopata kemo baada ya upasuaji waliishi muda mrefu zaidi. Nilifurahi, nikalipeleka kwa mzee aliyenifundisha kazi. Akauliza, "Waliofariki kabla ya dozi ya kwanza umewaweka wapi?" Nilikuwa nimewaweka kwa wasiotibiwa. Nikanyamaza.

Chukua matatu ya Kisumu kwenda Busia. Tuseme makanga anaanza kukusanya nauli baada ya Ugunja. Ukihesabu, utakuta waliolipa wote wamefika mbali, na walioshukia Maseno, Luanda au Yala hawakulipa. Utasema nauli ndiyo iliyowafikisha? Mtu hupewa kemo wiki kadhaa baada ya kisu, na lazima awe hai ili apewe. Kwa hiyo chagua siku moja, mathalani siku ya 90 baada ya upasuaji; waliofariki kabla yake waondoe pande zote mbili, kisha gawa waliobaki kulingana na walichokwisha kupata kufikia siku hiyo na uanze kuhesabu hapo. Utapoteza watu, na katika ugonjwa adimu kila mtu ana uzito, lakini kupoteza watano ni afadhali kuliko kumdanganya daktari.

Hata hapo usijipongeze. Sisplatini, mojawapo ya dawa za kemo, huhitaji figo nzuri, na uvimbe unaoziba njia ya mkojo huharibu figo. Mwenye figo mbovu hunyimwa dawa hiyo na pia ndiye aliye hatarini zaidi. SEER haiandiki hali ya figo. Hakuna hesabu, hata iwe ya kisasa vipi, itakayosawazisha kitu ambacho hakikuandikwa.

Majina yatakusumbua. Mama mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo Kakamega, jina la mume Kisumu, na jina la kuzaliwa kwenye kitambulisho. Linganisha mwaka wa kuzaliwa, kata na tarehe ya kipimo kabla hujasema ni watu wawili. Na ukimya usiufanye uzima: mtu akifia nyumbani akazikwa kwao, kibali cha mazishi hutolewa na chifu au naibu wake, na hospitali huenda isipate habari. Kupiga simu kwa familia kwahitaji idhini ya kamati ya maadili na upole mwingi. Wengine watapokea wakilia.

La mwisho ni la siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana, lakini kufuta jina hakutoshi. Ukichapisha umri kamili, jinsia na kaunti ndogo ya mgonjwa wa saratani adimu kama hii, sokoni watamtambua kabla ya saa nne asubuhi. Weka umri kwa makundi, eneo liwe pana, na safu yenye mgonjwa mmoja iunganishe na jirani yake kabla jedwali halijatoka chumbani.