Jibu: Mpwa wako na wenziwe wasinunue maziwa ya kopo

Dada, umeuliza kama mpwa wako wa London na wenziwe wa skuli, watoto wa miaka 16, watumie mchango wao kununua maziwa ya unga ya watoto wachanga na vidonge vya kuongeza damu wavilete Micheweni. Mwenyezi Mungu awalipe kwa nia yao. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea huku Pemba, kazi yangu kupita majumbani kupima watoto, na nakuomba sana uwazuie wasinunue vitu hivyo viwili.

Maziwa ya kopo yanataka maji ya kuchemsha na chombo safi kila mara. Kopo likimalizika, mama hana pesa ya jengine na maziwa yake yameshakauka. Kuna kikundi cha wageni kiligawa makopo kwetu. Baadaye nikampima mtoto mmoja mkono kwa ukanda wa lishe, ukasoma njano, yaani lishe yake imeshuka, na mwanzo alikuwa kijani, yaani mzima. Iliniuma.

Vidonge hivyo vya damu, yaani vya madini ya chuma, ni hatari zaidi. Hapa hapa Pemba ulifanyika utafiti mkubwa, ukachapishwa 2006: watoto wadogo waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki walizidi kulazwa na kufariki, maana malaria ilikuwa imeenea. Sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Mtoto apewe chuma na spitali, keshapimwa. Tena chakula na dawa zinazoingia lazima zipite kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA.

Na damu huku hupungua pia kwa safura, ugonjwa wa minyoo. Minyoo ile huingia kwenye nyayo za mtoto anayetembea peku pasipo na choo. Kwa hiyo pesa ya choo nayo ni pesa ya lishe.

Kilichotufaa sisi ni siku ya mapishi. Dagaa wakavu tunawachambua vichwa, tunawakaanga bila mafuta, tunawatwanga na kuwachekecha, ule unga tunautia kwenye mtoriro wa nazi, ile mboga ya majani, au kwenye uji. Lakini usiite akina mama peke yao, kwani jikoni mwenye neno ni bibi. Bibi mmoja alikuwa akimlisha mjukuu wa miezi minane muhogo wa kuchovya kwenye chai ya rangi, na chai huzuia chuma cha chakula kisiingie mwilini. Hatukumkemea, tulimpa kijiko aonje. Akasema mboga haina ukali, akakamua ndimu. Basi ndimu ndiyo inayousaidia mwili kupokea chuma cha mboga! Tangu siku hiyo hatupiki bila ya ndimu, na chai wanaiweka mbali na chakula cha mtoto.

Vijana wachangie hayo: dagaa, nazi, kuni, marando ya viazi lishe kwa wenye udongo, magunia ya kupandia mboga kwa wale wa maweni. Watume kidogo kidogo mwaka mzima, kupitia kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na kituo cha afya, na waulize kwanza shehia yenyewe, yaani watu wa mtaa huo, inataka nini.

Jengine: wakitangaza mchango wao mtandaoni, wasiweke picha za watoto waliokonda. Wale wana wazee wao, na mtoto huyo kesho atakuwa skuli na simu mkononi. Wapige picha ya sufuria la mtoriro na mikono ya bibi, akikubali.