Kabla hujanunua kifaa cha kustrimu muziki, geuza redio yako kwanza

Wadau, swali ninaloulizwa sana kuhusu kustrimu muziki, yaani kuusikiliza moja kwa moja kutoka intaneti, kwenye redio ya nyumbani ni "ninunue nini", na jibu langu huwa usinunue kitu kwanza, nenda kaigeuze hiyo redio au amplifaya yako uangalie nyuma kuna nini.

Ukikuta matundu mawili ya duara, jekundu na jeupe, yameandikwa AUX, CD, TAPE IN au LINE IN, basi hapo umeshamaliza, hata kama hiyo amplifaya ni kongwe kuliko wewe. Hayo yote ni kitu kimoja majina tu tofauti, chomeka popote. Tundu moja tu ndo usiliguse, lile limeandikwa PHONO. Lile ni la pleya ya santuri, ndani kuna saketi ya kukuza kile kisauti kidogo cha sindano na kupandisha besi, sasa ukichomeka simu pale sauti inatoka imejaa besi na inakwaruza vibaya mno, mtu anaanza kutafuta fundi wa spika kumbe spika ni nzima kabisa.

Baada ya hapo waya wa kawaida tu unatosha kuanzia, upande mmoja jeki ndogo ya hedifoni, upande wa pili zile pini mbili nyekundu na nyeupe. Simu isiyo na tundu la hedifoni itahitaji adapta ndogo. Pandisha sauti ya simu karibu mwisho halafu punguza na ongeza kwenye amplifaya, maana ukifanya kinyume, simu chini amplifaya juu, utasikia shhhh nyuma ya kila wimbo. Kaa na hivyo kwanza uone kama utakuwa unaitumia kweli, wapo wanaogundua hapo hapo kwamba hawahitaji kingine.

Sasa Bluetooth. Ni rahisi na kila mtu anaijua, na watu wa mtandaoni wataiponda kwamba inabana sauti, na ni kweli inabana, ile kodeki yake ya kawaida, yaani njia ya kubana sauti, inayoitwa SBC mwisho wake ni kama kilobiti 328 kwa sekunde wakati CD ni 1,411. Lakini mi kwa maoni yangu sauti sio tatizo lake kubwa. Tatizo ni kwamba simu ndo inabeba kila kitu, kwahiyo meseji ikiingia spika nzima inalia ting!, mtu akipiga muziki unakata, ukitoka nje na simu mfukoni waliobaki ndani wanaanza kusikia vipande vipande. Kwa mtu anayekaa peke yake sawa, ila kwenye nyumba yenye watu utachoka haraka sana.

Ndo maana nasema ukifikia kununua kitu, nunua kinachotumia waifai. Tofauti yake iko hivi, ukitumia Spotify Connect au Google Cast, simu haitumi muziki kabisa, inakiambia tu kile kifaa "cheza huu", kifaa chenyewe kinaenda intaneti kuuchukua. Simu inabaki kuwa rimoti. Unaweza kuongea na simu, kuondoka nayo, hata ikizima chaji, wimbo unaendelea tu kama hakijatokea kitu. AirPlay ya Apple yenyewe kwa kawaida bado inapitisha muziki kwenye simu, kwahiyo ukiondoka na simu muziki unaondoka, ila angalau milio ya meseji haipenyi kwenye spika.

Hapa ndo pa kuwa makini na hela yako. Usianze na kifaa, anza na apu unayoisikilizia muziki, halafu tafuta kifaa kinachoielewa. Kibox, yaani hicho kifaa kidogo cha waifai unachochomeka kwenye amplifaya, kikiwa na Spotify Connect tu hakikusaidii kitu kama wewe ni mtu wa YouTube Music, hiyo inataka Google Cast. Na ningekushauri kibox cha pembeni kuliko kununua amplifaya mpya yenye intaneti ndani yake, maana amplifaya nzuri inadumu miongo lakini programu zake zinazeeka haraka. Chromecast Audio ilitoka 2015, watu wakaipenda, mwanzoni mwa 2019 tukaambiwa haitengenezwi tena. Kibox kikifa unachomoa unaweka kingine, amplifaya na spika ziko pale pale.

Halafu kuna watu tayari wana kibox na hawajui, televisheni! Kama TV yako ina apu za muziki na nyuma ina tundu la optiko, lile la waya unaopitisha sauti kwa mwanga, na amplifaya nayo inalo, unganisha. Ikiwa kimya ingia setingi za sauti za TV weka PCM, yaani sauti ya kawaida ya stereo, amplifaya nyingi za stereo hazielewi zile fomati za Dolby ndo maana zinanyamaza.

Kuhusu ubora, ingia kwenye apu uangalie setingi, nyingi zinakuja zimewekwa "otomatiki" na unaweza kusikiliza sauti hafifu mwaka mzima bila kujua. Weka juu. Kilobiti 320 zinakula kama megabaiti 144 kwa saa, ukienda kwenye sauti isiyopunguzwa (lossless) ya kiwango cha CD hesabu kama 400 hivi, kwahiyo wa bando fikiria mara mbili. Apple Music waliiweka hiyo isiyopunguzwa 2021 bila kuongeza bei, Spotify wamekuja nayo 2025 kwa wanaolipia. Mi kwa spika za kawaida kati ya 320 na hiyo nyingine sisikii tofauti kwenye nyimbo nyingi, nasema ukweli. Lakini kuvuta spika kutoka kwenye kona, kuzitenganisha na kuzielekeza pale unapokaa, hiyo nasikia dakika hiyo hiyo, na ni bure. Spika mbili zimebebana juu ya kabati halafu mtu analipia hi-res, sauti ya ubora wa juu kabisa... haya bwana.

Matatizo utakayokutana nayo ni machache. Kibox hakionekani kwenye apu, angalia kama simu na kibox viko waifai moja, ile ya wageni huwa inavitenganisha. Muziki unakatakata na kibox kiko mbali na rauta, jaribu waifai ya GHz 2.4 badala ya ile ya 5, inapenya kuta vizuri zaidi na muziki hauhitaji spidi kubwa hivyo, au kama waya unaweza kufika kwenye rauta piga waya kabisa. Na ukisikia mngurumo mmm usioisha wakati umeunganisha laptopu kwa waya, chomoa chaja yake ukute umenyamaza, basi sio amplifaya, ni umeme unazunguka kupitia chaja, kuna kidude cha bei ndogo (ground loop isolator) cha kuweka katikati ya waya wa sauti kinaumaliza, au sikilizia betri tu.