Miguu mizito: punguza nguvu kabla ya kuongeza mazoezi

Ndugu yangu, unasema unatazama Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, kisha unatoka na baiskeli siku sita kwa wiki ukikanyaga kwa nguvu zote, na sasa miguu ni mizito na kasi inashuka. Huo ni uchovu uliolimbikizana. Pumzika kabisa siku tatu au nne kwanza.

Kwenye televisheni unaona mashindano tu: hatua 21, yaani mbio za siku moja moja, ndani ya wiki tatu. Huoni miezi ya maandalizi, ambayo sehemu kubwa ni mwendo mwepesi. Na hata siku ya mashindano waendeshaji hawamalizi nguvu mapema. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 mwaka 2024, zote kwa mbio za mita za mwisho, baada ya saa kadhaa za kujikinga upepo nyuma ya wenzake.

Ukirudi barabarani, jipime kwa maneno: uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukifika mlimani na sentensi ikakatika katikati, shusha gia, hata kama wengine wanakupita. Najua inauma, lakini vumilia. Mazoezi makali yabaki mara mbili kwa wiki, yasifuatane.

Halafu chakula, ambacho hukukitaja kabisa! Safari ikizidi saa moja na nusu, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, uanze kabla njaa haijabisha hodi. Ukiona wiki mbili zimepita na uchovu uko palepale, muone daktari akupime damu.