Koti la sufu au jaketi la manyoya? Jibu langu kwa anayekuja Minnesota

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti aliyeko Morogoro. Amepata nafasi ya kusoma hapa Minnesota, Marekani, anaingia Januari, na swali lake kalinyoosha vizuri: "Dada, nina hela ya nguo moja tu ya baridi. Wanaovaa makoti marefu ya sufu naona wanapendeza, ila wengine wananiambia nichukue lile jaketi la kuvimba. Nichukue lipi?" Si wa kwanza kuniuliza. Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu, nikaona bora niwaandikie wote.

Mdogo wangu, chukua jaketi, hilohilo la kuvimba, lililojazwa manyoya ya bata. Koti la sufu litakuja, na huko chini nitakuelekeza namna ya kulipata kwa hela kidogo kabla hata hujapanda ndege. Ila kwa winta ya kwanza na hela ya kwanza, ni jaketi. Sasa nikueleze kwa nini, maana unakotoka nakujua, na watakaokukatisha tamaa nawajua pia.

Mimi ni wa Tanga. Kwetu baridi ni zile asubuhi za Julai, unaongeza khanga ya pili, basi. Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kulea wazee, zamu ya usiku. Zamu inaisha alfajiri, mabasi saa hizo ni ya kuhesabu, na gari sina. Aliyenipokea, mama mmoja Mkenya ambaye Mungu amzidishie, hakuniuliza napenda rangi gani. Alinipeleka duka la mitumba, akapekua makoti, akanivika jaketi jeusi la kufika magotini, lenye kofia na zipu ya kupanda mpaka kidevuni. Akaniambia, "Hili ndilo litakalokufikisha kazini. Urembo utafuata."

Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri. Hata posta ilisimamisha kusambaza barua siku ile. Shule zilifungwa, lakini wazee hawafungiwi mlango: lazima mtu aende akawageuze kitandani, awaogeshe, awalishe. Nikaenda. Pale kituoni pumzi yangu iliganda kwenye skafu, kope zikawa zinashikana kila nikipepesa macho, na zipu ikaota weupe kuanzia kidevuni kushuka. Lakini kifuani, mgongoni na mapajani nilikuwa na joto langu. Kando yangu alisimama dada mmoja mwenye koti zuri la sufu, rangi ya ngamia, limefungwa mkanda kiunoni. Upepo ulikuwa unamwingia shingoni na chini kwenye pindo, naye anajikumbatia na kurukaruka. Nilisogea nikasimama upande upepo unakotoka, nikamkinga kwa mgongo mpaka basi likafika. Hatukuulizana majina. Koti lake lilikuwa la bei kuliko kila kitu nilichokuwa nimevaa.

Kuna jambo ambalo mpaka leo linaniuma, acha niliseme. Winta ileile kulikuwa na sendofu ya binti mmoja wa Kitanzania, nami nilikwenda moja kwa moja kutoka kazini. Gauni nimevaa, nywele nimetengeneza, juu yake jaketi langu jeusi. Mlangoni nikamwamkia mama mmoja, mtu mzima, shikamoo mama. Akaniangalia juu mpaka chini, na badala ya marahaba akasema kwa sauti ya kusikika meza ya tatu, "Mwanangu, umekuja na godoro?" Watu wakacheka. Nilitabasamu, nikaenda kulitundika jaketi kwenye kona, na sikucheza muziki usiku ule. Nyumbani nako nilituma picha ya theluji kwenye kundi la familia, shangazi akaandika, "Mbona wenzio wa Ulaya wanavaa makoti ya heshima, wewe umejiviringisha hivyo?" Ada za watoto wake muhula ule zilitoka kwenye mshahara wa alfajiri zile, na jaketi analolisema ndilo lililonifikisha kazini.

Kwa hiyo usinunue nguo ya baridi kwa ajili ya picha ya kutuma nyumbani. Picha inapigwa dakika moja, kituoni utakaa peke yako.

Tuje kwenye sababu zenyewe. Nguo haitengenezi joto, joto ni la mwili wako. Inachofanya nguo ni kushika hewa iliyotulia isikimbie na joto lako. Yale manyoya laini ya kifuani mwa bata na bata bukini yanachanua na kushika hewa nyingi kwa uzito mdogo sana, na kitambaa cha nje kilichofumwa kwa kubana kinazuia upepo. Sufu nayo inashika hewa kwa sababu nyuzi zake zimejikunja, ila ili ikupe joto la kiwango kile lazima iwe nene na nzito, na upepo mkali unapenya kwenye nafasi za kufumwa. Udhaifu wa manyoya ni maji. Yakilowa yanagandana, hewa inatoka, jaketi linakuwa bapa. Sufu inaweza kunywa unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, na bado inakupa joto.

Kwa hiyo mji unaokwenda una maana kubwa, na hapa wengi wanachanganya. Binamu yangu yuko London. Januari ya London mchana huwa kama nyuzi 8 hivi juu ya sifuri, na mvua nyepesi haikatiki. Kule koti la sufu lina kazi, na amelivaa miaka bila kulalamika. Huku kwetu theluji ya Januari ni kavu, unaipangusa begani inaanguka chini bila kukulowesha, kwa hiyo udhaifu wa manyoya hauonekani sana, na upepo ndio adui. Ushauri wa binamu wa London usiulete Minneapolis, Edmonton wala Chicago. Na wangu usiupeleke London.

Kuna habari moja niliisoma ikanituliza moyo kuliko maneno ya mtu yeyote. Mwaka 1922 Waingereza walipokwenda kujaribu kupanda Everest, wengi wao walivaa sufu na twidi kama ilivyokuwa heshima ya wakati ule. Mmoja wao, George Finch, mzaliwa wa Australia, alikuwa ameshonesha koti lake kwa kitambaa cha puto la kurukia angani, ndani kajaza manyoya ya bata. Wenzake walimcheka. Walipofika juu kwenye baridi yenyewe wakaanza kulionea wivu, na yeye akaandika kwenye shajara yake kwamba sasa halichekwi tena. Huku Marekani Eddie Bauer, mwenye duka la vifaa vya michezo, alipata hataza ya jaketi lake la manyoya mwaka 1940, baada ya kunusurika kufa kwa baridi akitoka kuvua samaki. Hakuna aliyelibuni jaketi hili kwa ajili ya urembo. Limetokana na watu walioonja baridi.

Kipimo changu ni kimoja, na kila anayeniuliza namwambia hichohicho: pima muda utakaokaa nje kati ya mlango na mlango. Kama unatoka nyumbani, unaingia gereji, unaendesha, unaegesha chini ya jengo, vaa koti lako la sufu utakavyo. Kama kuna kituo cha basi, kuna kusubiri, kuna kutembea mitaa kadhaa, anza na jaketi. Mwanafunzi na mfanyakazi wa zamu ni wa kundi la pili, hata akijiona wa la kwanza.

Ukiwa dukani usiangalie rangi kwanza. Fumbata sehemu ya jaketi mkononi, ibane, iachie. Likirudi kuvimba haraka, manyoya bado yana uhai. Soma lebo ya ndani: 80/20 au 90/10 maana yake ni manyoya laini kwa yale yenye vijiti, na namba ya uvimbe (fill power), yaani manyoya yanavyochanua, ya 600 au 650 inakutosha kabisa, ilimradi jaketi lenyewe limejazwa vya kutosha. Vijiti vikichungulia kwenye mishono, rudisha. Zipu iwe na ukanda wa kitambaa nyuma yake, la sivyo upepo unapita kwenye meno. Mikononi kuwe na ribu ya kubana ndani ya mkono wa nje. Na lishuke mapajani, tafadhali. Haya mafupi ya kuishia kiunoni wanayovaa vijana yanaacha nusu ya mwili nje. Kama manyoya ni ghali, yapo ya kujazwa poliesta. Ni mazito kidogo, ila yanavumilia unyevu na bei yake ni ya binadamu.

Kina mama wenye watoto wadogo, nawaomba: mtoto asifungwe kwenye kiti cha gari akiwa na jaketi nene. Likibanwa na nguvu ya ajali linasinyaa, mikanda inabaki imelegea, mtoto anaweza kuchomoka. Mvue, mfunge mikanda ibane kifuani, halafu mfunike blanketi kwa juu.

Sasa koti la sufu, maana sitaki mtu adhani nalichukia. Nilisoma uhasibu huku nafanya zamu, nikamaliza, na leo nafanya kazi katikati ya mji wa Minneapolis. Wanaoujua mji wanajua zile njia za vioo zinazopita juu ya barabara kutoka jengo hadi jengo. Ya kwanza ilijengwa 1962, na leo zina urefu wa zaidi ya maili 9. Nikishuka kwenye treni natembea kidogo tu, naingia ndani, na mpaka mezani kwangu sitoki tena nje. Njia yangu imebadilika, nguo nayo ikabadilika. Mwezi uliopita ofisi ilinituma kuonana na wateja wakubwa. Nilivaa koti la sufu la buluu iliyokoza, mabega yamekaa sawasawa, chini limegusa katikati ya muundi. Mkuu wangu alinitambulisha kwa cheo changu kipya, nami nilinyoosha mgongo. Sina aibu kusema nilijisikia mtu. Nguo ya heshima inakusemea kabla hujafungua mdomo, hasa ukiwa mweusi, mwanamke, na lafudhi yako ni ya Tanga. Nimelitolea jasho na nalivaa kwa kichwa juu.

Siku za baridi kali navaa kizibao chembamba cha manyoya ndani yake, hakionekani, na joto linaongezeka sana. Zikifika zile nyuzi ishirini chini ya sifuri, koti linabaki kabatini na jaketi jeusi linatoka. Ndiyo, lilelile.

Koti hilo sikulinunua huku. Dada yangu alilipata soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam. Makoti mazito ya sufu yanaingia kwenye marobota, na pwani wanunuzi wake ni wachache, kwa hiyo bei mnaelewana. Nairobi nenda soko la Gikomba. Lebo iseme sufu asilimia 70 au zaidi. Linyanyue uangalie mwangani kama lina vitobo vya nondo. Kunja ngumi kwenye kitambaa, ukiachia lisibaki na makunyanzi. Bitana ikiwa imechanika isikuogopeshe, fundi cherehani wa mtaani kwenu atabadilisha na kufupisha mikono kwa hela ambayo huku haitoshi hata kubadilishiwa kifungo kimoja. Ila mabega yasipokukaa, liache, mabega hayarekebishiki kirahisi. Jaribu ukiwa umevaa sweta, mikono ifike kwenye kifundo.

Jaketi la manyoya, kinyume chake, usilinunue kwenye robota. Limeshakaa limebanwa kwenye mashine na meli kwa muda mrefu, na mara nyingi halivimbi tena. Hilo nunua huku, duka la mitumba au Februari mwishoni maduka yanapopunguza bei. Ukifika Januari, mwombe mwenyeji wako akuazime kwa wiki hizo chache. Wenyeji, azimeni. Kila nyumba ya Mswahili huku ina jaketi lisilovaliwa kabatini, na mgeni anashuka uwanja wa ndege na blezya ya harusi. Tunajua kumcheka mtu ukumbini, lakini kumpokea na jaketi mkononi tunajua wachache, na hilo nalisema nikiwatazama usoni.

Jaketi lifuliwe kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, halafu likaushwe kwenye mashine kwa moto mdogo pamoja na mipira miwili mitatu ya tenisi, inayapigapiga manyoya yasigandane. Hakikisha limekauka mpaka ndani, lisije likavunda. Koti la sufu usilitie mashine. Lipige brashi, mpe dobi mara moja mwisho wa winta, kisha lifunge kwenye mfuko wa kitambaa. Nondo hutaga kwenye sufu yenye jasho na mafuta ya shingo, kwa hiyo usiliweke kabatini kabla halijasafishwa.